Saladi ya pasta ya Kitaliano ya watu 30: unapika leo, wageni wanakula kesho

Shughuli ikiwa ya watu wengi mpishi ndo anateseka na moto. Wali unataka jiko, kuku anataka jiko, chai inataka jiko, na gesi yenyewe ni ya pleti nne tu, alafu wageni wa mbali wameshaanza kuingia wanauliza choo kiko wapi. Kwa hiyo chakula chochote ambacho unakipika jana, kinalala kwenye friji na kinaliwa leo kikiwa baridi, mimi nakithamini sana, na hii saladi ya pasta ndo nayoitegemea kuliko zote. Inalisha watu wengi, haigombanii jiko na mtu, na ukiifanya vizuri ya siku ya pili ni tamu kuliko ya dakika ile ile.

Ukiifanya vizuri lakini. Maana najua wengi mmeshakutana na ile nyingine kwenye maharusi na vikao, pasta imeshikana mabonge, kavu, haina ladha, chini ya bakuli kuna maji ya nyanya na juu kuna majani yamegeuka meusi, mtu anachota kijiko kimoja kwa adabu alafu harudi tena. Watu wanasema saladi ya pasta si chakula kwa sababu ya hiyo. Sababu yake ni moja tu na inafaa uishike kabla hujawasha jiko: pasta inakunywa. Jioni unaitia sosi inang'aa, kila kitu kinateleza, unafunika unalala, usiku kucha inafyonza yale mafuta na ile siki, asubuhi ukifunua imekauka na ladha imezama ndani. Nyanya na matango nayo yanafanya kinyume chake, yanatema maji. Kwa hiyo kazi yote ya saladi ya kulaza ni kujua nini kinalala pamoja na nini kinalala peke yake, na sosi unaigawa mara mbili, nusu leo nusu kesho. Mengine yote ni maelezo tu.

Kwanza tuelewane ni saladi ipi

Kule Italia wanaiita insalata di pasta, au pasta fredda yani pasta baridi, na ni chakula cha kiangazi chao, mwezi wa sita mpaka wa nane, joto likizidi mtu hataki kula kitu cha moto. Wanaitia kwenye kontena wanaenda nayo baharini, na siku ya Ferragosto tarehe 15 Agosti, ile sikukuu yao ambayo kila mtu yuko nje na jamaa zake, utaikuta kwenye meza nyingi sana. Ya kawaida kabisa ina nyanya ndogo, mozarela (jibini nyeupe laini), zeituni, tuna na rihani, na juu yake mafuta ya zeituni. Haina mayonezi. Ile ya makaroni na mayonezi ni kitu kingine, sina ugomvi nayo, lakini kwenye joto la pwani mimi siilazi.

Wenzetu mlioko Marekani na Kanada mnaijua ya kule, ile inayoletwa kwenye mikusanyiko ya kanisa na mahafali, fusilli (pasta fupi za kujisokota) za rangi tatu, salami (soseji ya nyama iliyokaushwa), chizi ya provolone, pilipili za siki na sosi ya chupa iliyoandikwa ya Kitaliano. Ile sosi ni ya Kimarekani. Mtaliano nyumbani kwake saladi anaitia mafuta, siki na chumvi pale pale mezani, basi. Lakini siki na oregano (majani makavu ya kiungo) za sosi ile zinasaidia sana kwenye chakula cha baridi, kwa hiyo hapa nachukua pasta fredda ya Italia ndo msingi, na siki naiongeza kidogo kama wanavyofanya Marekani, na ntakueleza kwa nini.

Sisi watu wa Malindi tuna ukaribu wetu na haya mambo. Wataliano wako hapa tangu miaka ya 60 walipokuja na mradi wa San Marco wa kurusha roketi kule baharini Ngomeni, na setilaiti ya Uhuru ilirushwa pale tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ndo ikapewa jina hilo. Baadae zikaja hoteli, nyumba za likizo na mikahawa, na vijana wengi wa hapa wakajifunzia kupika kwenye jikoni hizo. Kwa hiyo zeituni, kepa (vile vitumba vidogo vya kijani vya kwenye siki) na mozarela hapa kwetu si vitu vya ajabu, lakini popote ulipo kwenye supamaketi kubwa utapata.

Hesabu ya watu 30

Kama kuna vyakula vingine mezani, wali, nyama, viazi, piga gramu 50 za pasta kavu kwa mtu mmoja, yani kilo moja na nusu, pakiti tatu za nusu kilo. Ikiiva inakuwa karibu mara mbili ya uzito wake, ukijumlisha na mboga kila mtu anapata sahani ya heshima. Kama hii ndo chakula chenyewe, hakuna kingine, basi panda mpaka gramu 90 au 100 kwa kila mtu na vingine vyote uviongeze kwa kiwango hicho hicho. Usiogope kwamba itabaki, ogopa kwamba sufuria yako haitatosha.

Kwa zile pakiti tatu utataka nyanya ndogo kilo moja, mozarela gramu 750, matango matatu, hoho tatu za rangi tofauti, vitunguu vyekundu viwili, zeituni zisizo na kokwa gramu 400 (changanya nyeusi na kijani kama unaweza), mikebe minne ya tuna, kepa vijiko vikubwa vitatu kama unazipenda, na rihani mafungu mawili makubwa. Sosi ni mafuta mililita 450, siki ya zabibu mililita 225, kitunguu saumu punje nne, oregano kavu vijiko viwili vya chai, chumvi vijiko viwili vya chai kwa kuanzia, na pilipili manga ya kusaga sasa hivi, si ile ya kopo iliyokaa mwaka mzima.

Pasta yenyewe chagua fupi yenye mikunjo au matundu ya kushika sosi. Fusilli ndo mfalme wa kazi hii, penne zile za mirija ni sawa, na zile za kombe pia nzuri kwa sababu zeituni na vipande vya tuna vinaingia ndani. Farfalle zile za kipepeo zinapendeza kwenye picha, lakini pale katikati palipobanwa panachelewa kuiva na mabawa yanawahi, kwa chakula cha kulaza sizipendi. Spageti acha kabisa, ikipoa inajifunga na wageni watabaki wanavuta.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Geuza pakiti usome imetengenezwa na nini. Unatafuta neno durum. Hiyo ni ngano ngumu, protini yake ina nguvu, inashika umbo lake hata ikilala kwenye sosi. Italia yenyewe iliweka sheria mwaka 1967 kwamba pasta kavu itengenezwe na semolina, yani unga wa chenga chenga, ya durum. Madukani kwetu kuna makaroni ya bei nafuu ya unga wa ngano laini, kwa mchuzi wa moto siku hiyo hiyo yanafaa, lakini yalaze usiku kucha kwenye siki uone, asubuhi ni uji. Ukibana bajeti bana kwenye kitu kingine, kwenye tuna kwa mfano au kwenye kepa, si kwenye pasta.

Jioni ya kabla: kuchemsha

Kanuni ya Wataliano ni lita moja ya maji kwa gramu 100 za pasta na gramu 10 za chumvi. Kilo moja na nusu inataka lita 15, na sufuria ya lita 15 ya maji yanayochemka mtu mmoja kuinyanyua peke yake ni hatari, kwa hiyo usifanye ubingwa, chemsha pakiti moja moja. Lita tano za maji, chumvi vijiko vikubwa vitatu, yachemke kweli kweli ndo umwage pasta. Koroga dakika mbili za mwanzo bila kuondoka, hapo ndo zinaposhikana, baada ya hapo koroga mara moja moja. Maji hayo hayo unaweza kuyatumia kwa pakiti ya pili, unaongeza tu yaliyopungua na chumvi kidogo, ya tatu badilisha maji maana yameshakuwa mazito.

Kuiva. Watu wanabishana sana hapa, kuna wanaosema itoe mapema kwa sababu itaendelea kulainika kwenye sosi, kuna wanaosema izidishe kwa sababu baridi inaikaza. Wote wana kitu. Wanga ukikaa kwenye baridi ya friji unajipanga upya na kuwa mgumu, ndo maana hata ugali wa jana na wali wa jana ni mkavu, na wakati huo huo siki na maji ya mboga yanalainisha kwa juu. Mimi sifuati saa peke yake, nafuata jicho. Dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti toa fusilli moja, ikate kwa kisu katikati, uangalie pale ulipokata. Utaona kinukta cheupe kama chokaa, huo ni moyo wa pasta haujapata maji bado. Subiri dakika moja, kata nyingine, kinukta kimepungua. Kwa pasta ya moto Wataliano wanaitoa hapo kikiwa bado kinaonekana kwa mbali. Kwa saladi ya kulaza wewe itoe pale pale kinukta kinapopotea, si kabla, si baada. Ukiitafuna iwe na ubishi kidogo kwenye meno lakini isiwe na unga ndani.

Mwaga kwenye chujio, na sasa suuza. Mtaliano akikuona unasuuza pasta atakunja uso, na kwa pasta ya moto ana haki kabisa, ule wanga unaobaki juu ndo unaoshikisha mchuzi. Lakini ya baridi wanga huo huo ukipoa unakuwa gundi, ndo yale mabonge. Mimina maji ya baridi juu yake huku unageuza na mkono safi, simamisha pale inapokuwa vuguvugu, usiipooze kabisa. Na tafadhali sana, maji hayo yawe ya kunywa, yaliyochemshwa yakapozwa au ya kununua, kwa sababu baada ya hapo hiki chakula hakirudi tena kwenye moto na chochote kilichokuwa kwenye yale maji kitaenda mpaka kwenye sahani ya mtoto wa watu. Weka chupa mbili tatu kwenye friji tangu asubuhi.

Tikisa chujio mpaka maji yaishe. Maji yakibaki ndani ya mikunjo sosi yako inazimuka.

Sosi

Saga au ponda saumu na chumvi mpaka iwe rojo, tia kwenye chupa kubwa ya plastiki safi yenye kifuniko, tia siki, oregano, pilipili manga, na kama una haradali weka kijiko kikubwa kimoja, inasaidia mafuta na siki visiachane haraka. Tikisa. Alafu mafuta, tikisa tena kwa nguvu. Onja kwa kuchovya kipande cha pasta, usionje kwa kijiko peke yake maana ladha ya sosi tupu inadanganya. Iwe kali kidogo kuliko unavyotaka. Chakula cha baridi ulimi haukisikii vizuri kama cha moto, chumvi na uchachu vyote vinapungua, ndo maana hapa nimepima siki moja kwa mafuta mawili wakati saladi ya majani ya kawaida watu wanapenda moja kwa tatu.

Kuhusu mafuta ya zeituni kuna jambo la kujua. Kwenye friji yanaganda, yanakuwa na chembechembe nyeupe, mtu asiyejua atafikiri yameharibika. Hayajaharibika, yakitoka nje nusu saa yanarudi. Lakini kama unajua hutakuwa na hiyo nusu saa, changanya nusu ya zeituni nusu ya alizeti, alizeti haigandi kwenye friji. Mafuta ya nazi usiyaguse kwa kazi hii hata kama unayapenda, yanaganda hata nyumbani penye hewa ya baridi, kwenye friji yatakuwa nta.

Sosi ya saumu mbichi kwenye mafuta usiiweke nje usiku, hata ikiwa na siki, iende friji. Na tengeneza ya siku hiyo hiyo, usitengeneze ya wiki nzima.

Sasa pasta ikiwa bado vuguvugu itie nusu ya sosi, nusu tu, geuza vizuri mpaka kila mkunjo umepata. Pasta ya vuguvugu inakunywa ladha mpaka ndani, ya baridi kabisa inapakwa kwa juu tu. Ile nusu nyingine funika uiweke friji kwa ajili ya kesho, na mfiche mtu yeyote mwenye tabia ya kuchovya mkate.

Kulaza

Usiitie yote kwenye beseni moja kubwa ukalisukuma friji. Katikati ya beseni lenye pasta ya kilo tatu joto linakaa masaa na masaa, na hapo ndo mambo yanaharibika. Tandaza kwenye trei au sinia pana, kina kisizidi vidole vitatu, iache ipoe dakika 20 juu ya meza mbali na jiko, feni ikiwepo washa, alafu ingiza friji ikiwa wazi mpaka ipoe kabisa ndo ufunike. Ukifunika ikiwa na joto mvuke unageuka maji na unarudi chini.

Vinavyoweza kulala pamoja na pasta ni vile vinavyofaidika na siki: hoho zilizokatwa vipande vidogo, zeituni, kepa, na vitunguu ambavyo umevikata vyembamba ukavilowesha kwenye siki dakika 15 mpaka vikapoteza ule ukali na kugeuka rangi ya waridi. Hivi viache vifahamiane na pasta usiku kucha, kesho utasikia tofauti.

Vinavyolala peke yake ni nyanya, matango, mozarela na tuna. Matango yapasue katikati kwa urefu, kwangua mbegu na kijiko, zile mbegu ndo zina maji yote, kata, nyunyiza chumvi kidogo uache kwenye chujio nusu saa kisha kausha na kitambaa safi. Nyanya ndogo kata nusu nusu asubuhi, si jioni, na nazo zipe chumvi kidogo na dakika 15 kwenye chujio. Yale maji mekundu yanayodondoka usiyamwage jamani, yakinge uyatie kwenye ile nusu ya sosi iliyobaki, yana utamu wote. Mozarela ile ya maji ikate vipande uiache kwenye chujio juu ya bakuli ndani ya friji usiku mzima, utashangaa asubuhi imetoa maji kiasi gani. Ukikosa ya maji, ile kavu ya tofali inafaa tena haina usumbufu. Tuna chuja mafuta au maji yake vizuri, ivunje kwa uma vipande vikubwa, usiisage, mtu aone kwamba kuna samaki.

Rihani ni ya dakika ya mwisho kabisa. Siki na kisu vyote vinaifanya nyeusi, kwa hiyo irarue kwa mkono wakati wageni wameshakaa. Ile ya Kitaliano ina majani mapana laini, hii yetu ya vikuba, vile vishada vya maua vya harusini, ina harufu kali zaidi, ukiitumia tumia theluthi tu ya kiasi, la sivyo saladi itanukia harusi.

Mboga za kijani kama maharage mabichi au brokoli ukitaka kuziongeza, zichemshe dakika chache, zizamishe kwenye maji ya barafu, na zenyewe zisubiri asubuhi. Zikilala na siki zinageuka rangi ya jeshi.

Asubuhi ya shughuli

Toa pasta friji, itakuwa kavu na imekaza, usishtuke, ndo nilivyokwambia. Iachanishe kwa mikono yenye glavu au kwa miiko miwili. Tikisa ile sosi iliyobaki, mimina robo tatu yake, geuza, subiri dakika tano, onja. Hapa ndo mpishi anaonekana. Kama ladha imelala sana iongeze chumvi kwanza kabla ya siki, mara nyingi kinachokosekana ni chumvi. Kama bado imelala, kamulia limau moja au mbili, limau linapoteza harufu yake likikaa usiku ndo maana siliweki jana. Ndipo utie matango, nyanya, tuna, na mozarela mwisho kabisa kwa kugeuza taratibu isivunjike ikaifanya saladi yote nyeupe. Robo ya sosi iliyobaki beba kwenye chupa, utaimwagia pale pale mezani ing'ae.

Jambo dogo kwa wanaopika mbele ya Wataliano: jibini ya Parmigiano na samaki wengi wao hawavichanganyi, kwa hiyo ukiweka tuna usinyunyize Parmigiano juu. Mozarela na tuna pamoja kwenye pasta fredda hakuna shida.

Joto, na hapa sitanii

Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus ambaye anapenda sana wali na pasta. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, zinasubiri, chakula kikikaa kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60 zinaamka, zinazaana, na sumu moja anayoitoa haiondoki hata ukipasha moto upya. Watu wakitapika baada ya sherehe wanasingizia nyama, kumbe mara nyingine ni wanga uliokaa nje. Kwa hiyo friji iwe chini ya nyuzi 5, na ikishatoka nje masaa mawili tu, joto likipita nyuzi 32 kama hapa kwetu Januari na Februari ni lisaa limoja. Siki inasaidia kidogo lakini haikupi ruhusa ya kuipeleka mpaka jioni.

Njia rahisi ni kutotoa yote. Tia kwenye makontena matatu, moja linaenda mezani, mawili yanabaki friji au kwenye boksi la barafu, la kwanza likiisha unaleta la pili. Usiongeze saladi mpya juu ya ile iliyokaa mezani, badilisha bakuli. Na bakuli la mezani likalishe ndani ya sinia yenye barafu, inapendeza pia. Stima ikipotea usiku usifungue friji kuchungulia, likifungwa linashika baridi kama masaa manne. Ikizidi hapo na huna barafu, saladi hiyo usiwape watu.

Ukitaka kuibadilisha

Asiyekula samaki mwekee njegere kavu za kuchemsha, zile kubwa za garbanzo (kwa Kiingereza chickpeas), zinashibisha na zinalala vizuri na siki. Wa salami, kwa wageni Waislamu tafuta ya ng'ombe yenye alama ya halali na uulize mapema, usimwachie mtu achague vipande kwenye bakuli. Na kama kuna wageni wasiotumia siki ya zabibu, tumia siki ya tufaha au limau tupu, sema limau ongeza asubuhi. Ukitaka ya ki-Sicily, kata biringani vipande, vikaange mpaka viwe vya kahawia, vichuje mafuta kwenye karatasi, uvichanganye na kepa, oregano na nyanya, biringani inalala na pasta bila tatizo lolote na mimi naipenda hiyo kuliko ya tuna. Na mwambie kila mgeni kwamba ni ngano, kuna watu hawawezi kuila.

Iliyobaki friji bila kutoka nje inakaa mpaka siku tatu tangu ulipoipika, mozarela ikianza kuwa chachu umeshapita. Kila siku itakunywa tena, kwa hiyo kabla ya kuila itie kijiko cha siki, kijiko cha mafuta na chumvi kidogo, igeuze, iache dakika kumi nje. Ile iliyokaa mezani kupita muda tuliosema, mwaga, hata kama inauma.